Hadi pale

Ukimwambia babu yangu "Babu, mimi naondoka," alikuwa hajibu. Anaingia ndani, anakaa huko dakika mbili tatu, kisha anatoka amevaa koti lake zito la kijivu na kofia ya pama, fimbo mkononi. "Haya, twende." Hata jua liwe linawaka. Hata uwe unakwenda dukani kununua chumvi na baada ya nusu saa utarudi. Ukimuuliza, "Unanisindikiza hadi wapi, babu?" jibu lilikuwa moja miaka yote: "Hadi pale."

Pale ni wapi, hakusema. Nilikuja kupajua kwa miguu yangu mwenyewe, na leo nataka kupaandika kabla sijapasahau, maana palikuwa hapatulii mahali pamoja.

Nililetwa kwake mwaka 1998 nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa amepata kazi Dar es Salaam ya kulea watoto wa watu, na huwezi kulea watoto wa watu huku wa kwako amekung'ang'ania sketi. Kijiji chetu kiko kama kilomita nne kutoka Makambako mjini. Wasafiri wanaijua Makambako kwa kuwa ndiyo njia panda ya kwenda Njombe na Songea: basi linasimama, mtu anashuka kununua hindi la kuchoma, upepo unambeba kofia, anarudi garini akisema watu wanaishije huku. Tunaishi. Mwezi wa sita na wa saba vidole havikunji mpaka saa nne asubuhi, lakini tunaishi.

"Shikamoo, babu," nilimwambia siku ile, nimejibanza nyuma ya mama.

"Marahaba, mke wangu." Kisha akamgeukia bibi, ambaye alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Umeona? Nimeletewa wa pili."

Bibi hata hakuinua macho. "Afadhali. Huyu atakuwa anakuosha miguu, mimi nimechoka."

Basi ndivyo nilivyoolewa. Tangu siku hiyo hadi leo ninapoandika, bibi ananiita mke mwenzangu. Nikigombana na babu, alikuwa ananitishia talaka. Nikifaulu mtihani, anamwambia bibi kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani kwamba huyu mdogo ndiye mwenye akili, yule mkubwa alimwoa kwa sababu ya ng'ombe wa baba yake.

Mwezi mmoja baadaye mama alirudi kunisalimia, na alipoondoka nilimwona babu akivaa koti kwa mara ya kwanza. Tulimsindikiza sisi wawili hadi stendi Makambako. Pale pa mwaka 1998 palikuwa stendi. Kilomita nne kwenda, nne kurudi, na babu hakupanda baiskeli yake, aliisukuma tu ikiwa imebeba begi la mama. Nilimuuliza kwa nini hatupandi. Akasema mtu anayesindikiza kwa baiskeli anamfukuza mgeni.

Kutembea na babu kulikuwa na shida yake. Alikuwa na hatua fupi fupi za haraka, zote sawasawa, kama cherehani. Mtu mrefu vile, unategemea atapiga hatua ndefu, lakini wapi. Nilimwiga kwa muda mrefu nikidhani ndivyo wazee wanavyotembea, hadi siku moja tukapita kwenye reli ndipo nikaelewa. Mataruma ya zege yamepangwa karibu karibu. Ukitembea juu yake, taruma kwa taruma, huna namna nyingine ya kutembea isipokuwa ile ya babu. Alikuwa ameyakanyaga zaidi ya miaka ishirini. Reli ilishamwachia mwendo wake, hata kwenye njia ya vumbi alikuwa anakanyaga mataruma yasiyokuwepo.

Aliajiriwa mwaka 1971 kama kibarua wa ujenzi wa TAZARA. Alikuwa hajawahi kuona treni. Hilo alilipenda sana, alikuwa analisema kwa kila mgeni: "Nilianza kutengeneza kitu ambacho sijawahi kukiona." Kazi ya reli ile nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi huko Zambia, ilianza mwaka 1970 na ikakabidhiwa Julai 1976, na wanaoijua watakwambia kipande kilichowatoa watu jasho ni kile cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako. Unatoka kwenye joto na mbu wa bonde la Kilombero unakuja kwenye baridi yetu, na katikati hapo kuna makorongo, mahandaki, na daraja la mto Mpanga ambalo ukisimama juu yake uko karibu mita 50 kutoka majini. Babu alikuwa huko. Alichokuwa anakisimulia, hata hivyo, hakikuwa daraja wala handaki. Alikuwa anasimulia matope. Viatu vilivyobaki kwenye matope, lori lililozama kwenye matope, ugali ulioangukia kwenye matope na mtu akauokota akala. Nikiwa mtoto niliamini reli ile imejengwa kwa matope.

Alijifunza Kichina cha kuhesabia. Viazi vyetu vilihesabiwa "i, ar, san, si, u" wakati wa kujaza gunia, na mimi nilikwenda navyo shuleni nikijua ni Kibena cha zamani. Walinicheka darasa zima.

Alikuwa na rafiki yake Mchina, fundi, waliyekuwa kambi moja. Jina lake halisi lilimshinda babu na la babu lilimshinda Mchina, kwa hiyo kila mmoja alimwita mwenzake Rafiki, neno la Kiswahili ambalo Mchina yule alikuwa amelimudu. Rafiki ndiye aliyemfundisha kunoa kisu kwa jiwe na maji, polepole, upande mmoja mpaka uishe ndipo upande wa pili. Rafiki alifia kazini, kwa ugonjwa. Babu alisema wakamweka kwenye lori wampeleke Dar es Salaam, na vibarua wakalifuata lile lori kwa miguu kwenye barabara ya kambi hadi lilipofika kwenye kijidaraja cha magogo. Hapo dereva akakanyaga mafuta.

"Tuliishia pale," alisema babu.

Ningeweza kuandika hapa kwamba ndiyo sababu maisha yake yote alikuwa anasindikiza watu. Nilishawahi kumwambia bibi hivyo, nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Bibi akasema, "Muongo. Alikuwa hivyo tangu ananitongoza. Ananisindikiza kisimani mpaka watu wanasema hana kazi."

Alipoacha kazi ya reli mwaka 1997 alirudi kwenye mianzi ya baba yake, na hapo ndipo nilipomkuta.

Wasioujua ulanzi niwaeleze kwa kifupi, ingawa watu wa Iringa na Njombe hawatanisamehe ufupi huo. Mvua zikianza, mianzi inachipua. Chipukizi likishapanda vya kutosha unalikata kichwa, unaliinamisha na kulivika mbeta, ambayo ni kipande cha mwanzi chenye kitako, na maji yake yanadondokea humo usiku kucha. Asubuhi unamimina, unakata tena pale pale ili kidonda kisifunge, unarudisha mbeta. Jioni hivyo hivyo. Haupikwi, haukorogwi kitu. Ukinywewa siku hiyo hiyo ni mtamu, ndio mtogwa, hata sisi watoto tulipewa kikombe. Ukilala, unaanza kuwa na maneno. Ukilala tena unakuwa mkangafu, na huo una mambo ya watu wazima.

Tulikuwa tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, umande unatulowesha hadi magotini. Mimi nabeba ndoo, yeye kisu. Anafika kwenye mwanzi, kwanza anausalimia kwa kuugonga na ukucha, ko, ko, anasikiliza. Anaitoa mbeta, anaipeleka puani. Kuna nyuki mmoja au wawili wamelewa humo ndani, anawachota kwa jani na kuwaweka chini kwa heshima, "nenda nyumbani, mama watoto anakusubiri." Anamimina kwenye ndoo: ulanzi wa asubuhi una weupe kama maji uliyooshea mchele, na povu linalochekacheka pembeni. Halafu anakaa kimya. Hapo ndipo penyewe. Kisu kinapita kwenye ncha ya mwanzi mara moja tu, bila nguvu, na kinachoanguka kwenye kiganja chake ni kiduara chembamba, mvua ya asubuhi ikiacha mwanga kidogo unaweza kuona kidole kupitia kwacho. Ananipa. Nilikuwa navikusanya mfukoni, vinakauka, vinajikunja, bibi anavikuta kwenye nguo za kufua.

"Ukikata nene," alisema, "unaumaliza mwanzi kabla ya Pasaka."

Nilijaribu mara moja nikiwa na miaka kumi. Nilikata kipande kinene kama kitumbua. Hakunigombeza. Alikiokota, akakitazama, akakiweka mfukoni mwake, na kwa wiki nzima kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. "Huyu mke wangu mdogo, hebu ona, anakata mbao."

Kanisani walimtaka mara mbili awe mzee wa kanisa, kwa sharti kwamba aache kugema. Mara zote mbili aliomba apewe muda wa kutafakari hadi mvua ziishe.

Na watu walikuwa wanausifu ulanzi wake. Jioni wamekaa kwenye magogo nyuma ya nyumba, mtu anameza, anafuta mdomo, anasema mzee, leo umetuweza. Kila mtu aliyesoma shule ya msingi anajua mgema akisifiwa anafanya nini na tembo. Babu alikuwa analisubiri sifa hilo kama golikipa anavyosubiri penalti. "Msinisifu," anawaambia, uso umekauka kabisa, "kisima kiko mbali." Wanacheka kama hawajawahi kulisikia. Walilisikia kila siku. Mimi nililisikia miaka saba mfululizo, na bado nilikuwa nakaa pale karibu na mlango nikingoja alitamke.

Mwaka 2005 nilikwenda sekondari ya bweni Mbeya. Babu alikataa basi. Alisema haiwezekani akajenga reli halafu mke wake apande basi. Treni yenyewe ilikuwa ya usiku. Tulifika stesheni saa sita mchana. Nilikaa juu ya sanduku langu la bati katika lile jengo kubwa lenye dari ya juu, nimeshika godoro lililofungwa kwa kamba, nikila mayai ya kuchemsha moja baada ya jingine kwa sababu ya hofu. Yeye alikuwa anazunguka. Alisalimiana na kila mtu aliyevaa sare. Alishuka kwenye kokoto, akaigonga reli kwa ncha ya fimbo na kusikiliza, akasogea, akagonga tena, mpaka kijana mmoja wa pale akaja kumuuliza mzee unatafuta nini. Wakazungumza. Baada ya dakika kumi yule kijana ndiye alikuwa ananyooshewa kidole: kaza ile, tazama ile. Kijana alikuwa na adabu, aliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Nilipopanda behewa aliniambia kupitia dirishani, "Usitoe kichwa nje." Halafu treni ikaanza kwenda na yeye akaanza kutembea. Hatua zake zile zile, sambamba na dirisha langu, koti limefungwa vifungo vyote. Jukwaa likaisha. Akashuka kwenye kokoto akaendelea. Nilitoa kichwa nje, bila shaka, na nikamwona hadi gizani, tochi yake inapanda na kushuka kwa mwendo wa mataruma.

Pale pa mwaka 2005 sijui palikuwa wapi. Bibi anasema alirudi nyumbani alfajiri.

Miaka iliyofuata niipitishe haraka. Sekondari niliimaliza, cheo cha ufaulu wangu tukiache. Nikajifunza ushonaji, nikapanga fremu ya watu watatu sokoni Mwanjelwa, nikapata watoto wawili. Nikienda kijijini na kuondoka, babu anavaa koti. Ila mwaka 2011 niliona tumefika kwenye tuta la reli, hata nusu ya njia hatujafika, akasimama na kusema "Haya," akanipa mkono. Nikadhani ana shughuli. Mwaka 2015 tuliishia kwenye mparachichi, ule mkubwa wa kienyeji ulioko mwisho wa shamba. (Mjomba alitaka kuukata apande miche ya kisasa ya kuuza nje kama wanavyofanya Njombe nzima siku hizi. Babu alimwambia panga likigusa mti ule, likate na mguu wake kabisa, maana hatakuwa na mahali pa kwenda nao.)

Mwaka huo huo wa 2015 nilikuwa na safari ya Dar es Salaam kufuata vitambaa Kariakoo. Pale kwenye mparachichi akaniambia, "Ukifika, nenda Gongo la Mboto. Kuna makaburi ya Wachina wa reli. Kamsalimie Rafiki."

"Nitamjuaje, babu?"

"Wewe salimia. Atajua mwenyewe."

Nilikwenda siku ya mwisho, na mizigo yangu, nimechoka, nikijilaumu njia nzima. Makaburi yamepangwa kwa mistari, safi, kila moja na jiwe lake lenye maandishi ambayo sikuweza kusoma hata moja. Nilisimama hapo na mifuko miwili ya plastiki, jua la Dar linanichoma utosini, sijui nianzie wapi. Mwisho nikasema kwa sauti, "Kamwene." Kama tunavyosalimiana kwetu. Mtu aliyekuwa anafagia akanigeukia akadhani namsalimia yeye, akaitikia kwa Kiswahili. Nikaondoka.

Niliporudi kumpa babu taarifa alitaka kujua kila kitu. Nyasi zimekatwa? Kuna miti? Kivuli kinaangukia upande gani? Nikamwambia nilisalimia kwa Kibena. Akafikiri. "Sawa," akasema. "Alikuwa anajua kidogo."

Mwaka 2019 pale palikuwa mwisho wa baraza, palipo na mtungi wa maji. Mwaka 2021 palikuwa kizingiti cha mlango. Koti alivaa, kofia alivaa, akainuka kwenye kigoda, hatua nne, akashika mhimili wa mlango. "Haya."

Lakini kabla ya hapo mjomba alikuwa amemnunulia kitochi, na mtu aliyefikiri miguu ikikwisha safari inakwisha hakumjua mzee huyo. Sijamaliza hata kukaa vizuri kwenye Coaster, simu inaita. "Umefika wapi?" Nimefika Igawa, babu. "Haya." Anakata. Chimala inaita tena. Igurusi, tena. Uyole, ambapo abiria wote wanasimama na kugombania mizigo, inaita: "Sasa shuka polepole." Kwa miguu alikuwa ananifikisha stendi, kwa kitochi alinifikisha hadi Mbeya mjini, mlangoni kwangu. Salio likiisha alikuwa anabipu, na mimi najua kwamba hiyo ni Chimala.

Nilimwona mara ya mwisho Januari 2024. Miguu ilikuwa imevimba, hatoki kitandani. Kugema alikuwa anagema mtoto wa mjomba, ila kila asubuhi alitakiwa kuleta vile viduara kwenye sahani, babu avikague akiwa amelala. Vilivyo vinene anaviweka pembeni. Yule mtoto akitoka chumbani amenuna, unajua leo amekata mbao.

Nilimwambia, "Babu, mimi naondoka." Akanyoosha mkono kwa bibi. Bibi akatoa kofia kwenye msumari, akampa. Akaivaa hivyo hivyo amelala, ikamshukia hadi kwenye nyusi kwa sababu ya mto.

"Haya, twende."

"Unanisindikiza hadi wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu kile kitochi juu ya stuli. Bibi akacheka mpaka akakaa.

Alifariki Machi. Nilikuwa kwenye mashine, napinda sketi ya sare ya shule, mama wa mtoto amesimama pembeni anasubiri. Mjomba akapiga. Nikasikiliza, nikasema sawa, nikaweka simu chini, nikamaliza kupinda ile sketi. Nikakata uzi. Nikaikunja, nikapokea hela, nikarudisha chenji. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Yule mama alipoondoka ndipo nikashindwa kusimama.

Msibani sitakaa sana. Watu walijaa, mvua ilinyesha, turubai lilivuja upande wa wanawake. Bibi aliponiona alisema tu, "Mke mwenzangu, mume katuacha," na sisi wawili tukacheka tukiwa tunalia, wale wageni wa mbali wakatushangaa. Mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri, alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa tunamsindikiza mzee wetu katika safari yake ya mwisho. Wanasema hivyo kwenye kila msiba, wala sijawahi kuyajali maneno hayo. Siku ile nilikuwa na hasira nayo. Hadi wapi? Makaburi yako nyuma ya mparachichi. Babu asingeliita hilo kusindikiza, angeliita kutoka nje. Nilitembea nyuma ya jeneza kwa hatua zake, fupi fupi, na dada mmoja akanishika mkono akidhani nataka kuanguka.

Mambo ya kugawana shamba siyaandiki, ndugu zangu wanasoma hapa.

Siku ya tatu baada ya kuzika, tanga limeondolewa, ndipo mtoto wa mjomba akashtuka: mbeta. Kwa siku zote zile hakuna aliyekumbuka mianzi. Tulikwenda mimi, yeye na bibi. Zilikuwa zimejaa mpaka zinatapika, ulanzi unachuruzika kwenye shina, nyuki na siafu wamejaa, harufu ya mkangafu inakupiga hata hujafika. Bibi alizimwaga moja moja kwenye migomba, bila neno. Kisha akatoa kisu cha babu kwenye mkunjo wa khanga akanipa mimi. Mtoto wa mjomba akanitazama kwa namna ya kuniambia bora wewe kuliko mimi.

Nikagonga kwa ukucha. Ko, ko. Sijui nilikuwa nasikiliza nini. Nikapitisha kisu.

"Nene," alisema bibi.

Wa pili. "Nene."

Sitasema ni wa ngapi uliokuwa mwembamba, wala kama ulikuwepo. Tulivika mbeta, na kesho yake asubuhi, kabla sijapanda gari, tulipata mtogwa wa kujaza dumu la lita tano. Bibi akaniambia usikaze kifuniko. Nikakaza, kwa ujinga wa mjini, nikiogopa kumwagia watu.

Bibi alinisindikiza hadi kwenye tuta la reli. Sikuwa nimemuuliza hadi wapi.

Kwenye Coaster nilipata kiti cha katikati, dumu nimelibana kwa miguu. Kabla ya Igawa nilizima simu. Kutoka huko kwetu kwenye baridi gari linashuka kuelekea bonde la Usangu, na joto linaingia kwa madirisha kama mgeni mwenye haraka. Tulikuwa tunaikaribia Chimala kifuniko kilipofyatuka. Kilipiga dari la gari, na povu likapanda kama limeitwa, likanilowesha magoti, likateremka sakafuni hadi kwenye viatu vya baba mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu. Konda akaanza kupiga kelele. Nikaanza kuomba radhi, natafuta kanga, nafuta viatu vya watu.

Yule baba akainama, akachovya kidole kwenye kiatu chake mwenyewe, akakipeleka puani. Akageuka.

"Kamwene, mnyalukolo. Hiki si cha Makambako hiki?"

Nikamwambia ni chenyewe. Akatoa kifuniko cha chupa yake ya chai, akakinyoosha bila aibu. Nikamimina kile kilichobaki juu juu. Alikunywa chote mara moja, akafumba macho, gari linatikisika, watu wamenyamaza wanamwangalia. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Nani amegema huu?"

"Babu yangu."

"Huyo babu yako," alisema, akinyoosha tena kifuniko, "ni fundi."

"Usimsifu," nikamwambia. "Kisima kiko mbali."